Mhina wa Matege na Kona ya Kushoto

Hebu niambie wewe unayesikiliza: umewahi kuona kuku akipita katikati ya miguu ya mtu, na mtu mwenyewe amesimama wima, tena amebana miguu?

Hujawahi? Sisi tuliona. Tuliona kila siku.

Mtu huyo aliitwa Mhina. Alikuwa na miaka saba. Alikuwa na pengo moja mdomoni, na miguu ya matege.

Matege unayajua? Miguu yake ilianza pamoja juu. Ilipofika magotini, ikaachana. Ilipofika chini kwenye vifundo, ikakutana tena.

Katikati palibaki uwazi mkubwa kama dirisha. Ukichungulia pale, unaona nyumba ya jirani.

Kuku wa mama yake Hoza, rafiki yetu, alipita hapo. Akarudi. Akapita tena. Kwo, kwo, kwo.

Tuliishi Kambi Saba, ndani ya shamba la mkonge. Mkonge mbele. Mkonge nyuma. Mkonge mpaka macho yachoke.

Asubuhi king'ora kililia. Uuuuuu!

Baba zetu walikwenda kukata mkonge. Mama zetu walikwenda korona, kwenye mashine kubwa inayokamua majani ya mkonge mpaka yabaki nyuzi. Sisi tulikwenda shule.

Tukirudi, ni nini? Mpira!

Na mpira wenyewe! Nyie wa siku hizi hamjauona. Haukutoka dukani.

Unachukua mifuko ya nailoni, unakunja. Unatia matambara. Unazungusha kamba ya katani. Zungu, zungu, zungu, mpaka uwe mgumu kama nazi.

Ukiupiga, unasema: bwi!

Goli lilikuwa ndala mbili. Filimbi ilikuwa mdomo. Aliyechoka alisema, "Mama ananiita," hata kama mama yuko korona na hajamwita mtu.

Na tulikuwa na sheria moja kubwa. Kona tatu, penalti!

Mpira ukitoka nyuma ya goli, hatukupiga kona. Nani alikuwa na muda huo? Tulipiga kelele tu: "Kona moja!" Tukaendelea.

"Kona mbili!" Tukaendelea.

"Kona tatu! Penaaalti!"

Kaka zetu walicheza hivyo. Sisi tulicheza hivyo. Tulidhani dunia nzima inacheza hivyo.

Mhina alipenda mpira kuliko uji wenye sukari. Lakini kila alipoingia uwanjani, mambo yalikuwa yaleyale.

Mpira unakuja. Mhina anausubiri. Mhina anabana miguu.

Pyuu! Umepita katikati.

"Toboooo!" tulipiga kelele.

Nahodha wetu alikuwa Hoza. Alikuwa na miaka tisa, mrefu, miguu imenyooka kama fito. Hoza ndiye aliyetunga wimbo.

*Mguu huku, mguu huku,*
*katikati hupita kuku!*

Tuliimba wote. Ndiyo, na mimi niliimba. Mnacheka? Chekeni. Na sisi tulicheka hivyohivyo.

Hatukumtazama Mhina usoni.

Tena Mhina alikuwa na tatizo la pili. Mguu wake wa kulia ulitazama ndani. Akipiga mpira, hauendi moja kwa moja. Unaanza kwenda huku, halafu unageuka, unakwenda kule.

"Oya, Mhina!" alisema Hoza. "Mpira wako una kizunguzungu!"

"Si mimi," alisema Mhina. "Unaendaga wenyewe."

*Mguu huku, mguu huku,*
*katikati hupita kuku!*

Siku moja Mwalimu Mapunda akatuita mstarini. Mwalimu Mapunda alipenda Kiingereza, na alipenda kalamu yake nyekundu.

"Silensi!" alisema. "Jumamosi tunakwenda kucheza na Kambi Nne."

Kambi Nne! Moyo wangu ukaruka. Kambi Nne walikuwa na magoli ya miti, yenye wavu. Walikuwa na mpira wa ngozi. Walikuwa na refa mwenye filimbi ya chuma. Prrriii!

"Wachezaji ni saba tu," alisema mwalimu. "Nitaandika majina saba kwenye karatasi hii. Asiyeandikwa atashangilia."

Sasa sikiliza alivyochagua. Sikiliza vizuri, maana mpaka leo sijaelewa.

Mwalimu alisema, "Simama wima. Bana magoti."

Kisha akaviringisha mpira chini kuelekea miguu yako. Mpira ukigonga miguu, unaandikwa. Ukipita, basi.

Hoza akasimama wima. Du! Mpira umegonga.

"Ekselenti!" alisema mwalimu. "Naandika. Neksti!"

Akaja Tabu. Tabu ni dada yake Mhina, na alikuwa kipa wetu. Alidaka kila kitu, hata embe linaloanguka. Du! Mpira umegonga.

"Veri gudi! Naandika. Neksti!"

Akaja Mhina.

Mhina alikuwa amefua bukta yake. Akasimama wima. Akabana magoti. Akabana, akabana, mpaka masikio yakatetemeka.

Mpira ukaja polepole. Ukaja. Ukaja.

Pyuu.

Ukapita katikati. Ukaendelea mpaka mkongeni.

"Mlango wazi," alisema mwalimu. "Neksti!"

"Mwalimu, mimi nina mbio."

"Neksti!"

"Mwalimu, mimi naweza..."

"Mhina, wewe utashangilia. Una sauti nzuri. Neksti!"

Nauliza tu: tangu lini mchezaji anachaguliwa kama mlango? Mwalimu yule alisoma chuo. Alikuwa na cheti ukutani, kwenye fremu. Lakini hakumwona Mhina akipiga mpira hata mara moja. Alitazama magoti, akafunga kalamu, kazi kwisha.

Jioni mama yake Mhina alirudi kutoka korona. Nywele zake zilikuwa na vumbi jeupe la katani.

"Mama," alisema Mhina, "miguu hii siitaki."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Imepinda."

Mama akakaa kwenye kigoda. Akamvuta Mhina karibu.

"Nilimuuliza nesi ulipokuwa mdogo. Akasema miguu yako ni mizima, imepinda tu. Haya niambie. Inakufikisha shule?"

"Inanifikisha."

"Inakufikisha bombani?"

"Inanifikisha. Na ndoo narudi nayo."

"Sasa ina kosa gani?"

"Haimo kwenye karatasi," alisema Mhina.

Mama angefanya nini? Karatasi haikuwa yake.

Kesho yake Mhina akachukua kamba ya katani. Akakaa chini. Akafunga goti na goti. Akakaza.

"Leo itanyooka," alisema.

Akasimama. Akaruka hatua moja, kama chura. Akaruka hatua ya pili.

Puu! Akaanguka kifudifudi.

Tabu akatoka mbio jikoni. "We Mhina! Umefanya nini?"

"Nanyoosha miguu."

"Hii kamba ni ya mpira, si ya mtu," alisema Tabu. Akafungua fundo. Akampangusa vumbi magotini. "Nenda kacheze huko nyuma. Mimi nachambua maharage."

Mhina akaenda nyuma ya nyumba. Alikuwa peke yake. Alikuwa na hasira.

Akauweka mpira chini. Akaupiga kwa nguvu zote. Bwi!

Upande wa pili wa nyumba, Tabu alikuwa amekaa na ungo wake. Maharage mazuri huku, mabovu huku.

Bwi! Kitu kikaanguka ndani ya ungo. Maharage yakaruka. Chwaaa!

"Mhina! Nani kapiga mpira?"

"Mimi, dada."

"Uko wapi?"

"Nyuma ya nyumba."

Tabu akatazama ukuta. Akatazama kona ya nyumba. Akatazama maharage.

"Piga tena," alisema.

Bwi! Mpira ukatokea pembeni ya nyumba. Ukapinda. Ukaja mpaka kwenye ungo. Chwaaa!

"Umepitaje kwenye kona?" aliuliza Tabu.

"Sijui," alijibu Mhina kutoka nyuma. "Unaendaga wenyewe."

Tabu akaacha maharage. Akaleta ndoo ya bati. Akaiweka hapohapo, upande wa pili wa kona.

"Piga!"

Bwi... ngo! Ndani ya ndoo.

"Piga!"

Bwi... ngo!

"Piga!"

Bwi... kwo kwo kwo! Hapo ulimgonga kuku. Lakini mara kumi alipiga, na mara saba ndoo ilisema ngo.

Tabu akakimbia mpaka nyumbani kwa mwalimu. Mwalimu alikuwa anakunywa chai.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Tabu."

"Mwalimu, Mhina anapiga mpira unaopinda kona! Njoo uone."

Mwalimu akapuliza chai yake. "Tabu, mpira mzuri ni ule ulionyooka. Karatasi imeshajaa. Gudi bai."

Hakuinuka hata kwenye kiti.

Jumamosi ikafika. Tukapita njia ya mkongeni, mmoja nyuma ya mwenzake, tukiimba. Jezi zetu zilikuwa mashati ya shule, na namba tulizichora kwa mkaa.

Mhina naye alikuja. Alikuwa wa mwisho mstarini. Mgongoni alikuwa amechora saba.

"We Mhina," alisema Hoza, "hiyo saba ya nini? Hujaandikwa."

"Ya kushangilia," alisema Mhina.

Hoza akafungua mdomo acheke. Kisha akaufunga. Sijui kwa nini. Labda aliiona ile saba, ilivyochorwa vizuri.

Uwanja wa Kambi Nne! Nikifumba macho tu, nauona. Majani yamekatwa. Wavu mweupe, wavu wa katani, umesukwa na baba zao. Akina mama wamekaa pembeni na mabeseni ya mihogo.

Refa akapuliza. Prrriii!

Kambi Nne wakaja kama nyuki. Du, du, du! Goli. Moja bila.

Tukarudi. Pasi, pasi, chenga. Hoza akapiga. Du! Goli. Moja moja!

Mhina aliruka juu na chini pembeni ya uwanja. "Hozaaa! Hozaaa!" Sauti nzuri kweli alikuwa nayo.

Halafu mpira ukatoka nyuma ya goli lao. Aliyeugusa mwisho ni mtu wao.

"Kona!" alisema refa.

"Kona mojaaa!" tulipiga kelele. Tukageuka. Tukarudi katikati tuendelee.

Watu wote wakatushangaa.

"Nyie mnakwenda wapi?" aliuliza kipa wao. "Pigeni kona!"

"Kwetu hazipigwi," alisema Hoza. "Kwetu zinahesabiwa. Zikifika tatu, penalti."

Kambi Nne walicheka mpaka wakakaa chini. Refa alicheka mpaka filimbi ikamtoka mdomoni.

"Watoto," alisema refa, "hapa kona inapigwa."

Tukamtazama mwalimu. Mwalimu akatazama viatu vyake.

Hatujui kupiga kona! Maisha yetu yote hatujapiga kona. Hata moja.

Hoza akaenda kujaribu. Akapiga kwa mguu wake ulionyooka. Du! Mpira ukanyooka, ukatoka nje, ukaangukia kwenye beseni la mihogo.

"Mpira wenu una njaa!" walisema Kambi Nne.

Tukapata kona ya pili. Hoza akapiga tena. Du! Ukanyooka. Ukatoka nje tena. Mama wa mihogo akafunika beseni.

Mchezo ukaendelea. Moja moja. Jua likaanza kushuka nyuma ya mkonge.

Mara mpira ukatoka tena nyuma ya goli lao, upande wa kushoto.

"Kona tatu!" tulipiga kelele. "Penaaalti!"

"Hakuna penalti," alisema refa. Akatazama saa yake. "Pigeni kona hii, halafu tunakwenda nyumbani."

Kona moja tu imebaki. Na hakuna anayejua kuipiga.

Hapo Tabu akaacha goli lake wazi. Akakimbia mpaka katikati ya uwanja.

"Mwalimu! Kona hii ni ya Mhina!"

Kila mtu akageuka. Mhina akaacha kuruka.

"Yumo karatasini?" aliuliza refa. "Asiyeandikwa haingii. Sheria ni sheria."

"Ndiyo hivyo, Tabu," alisema mwalimu haraka. "Majina ni saba. Karatasi imejaa. Kuna utaratibu..."

Hoza alikuwa amesimama pale pale kwenye kona, mikono kiunoni. Akatazama miguu yake iliyonyooka. Akatazama beseni la mihogo. Akamtazama Mhina.

"Tabu, ni kweli anaweza?"

"Mpira wake unazunguka nyumba nzima. Amenimwagia maharage wiki hii."

Hoza akavuta pumzi.

"Mwalimu," alisema, "futa jina langu."

"Nini?"

"Futa Hoza. Andika Mhina."

"Lakini wewe ndiye nahodha!"

"Ndiyo, mwalimu. Na nahodha anaomba, andika."

Mwalimu hakuandika. Akatoa kalamu. Akairudisha. Akaitoa. Alikuwa anatazama nini? Magoti.

Mhina akatembea kutoka pembeni. Mguu huku, mguu huku. Akasimama mbele ya mwalimu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Mhina."

Sauti ya Mhina ilikuwa ndogo. Lakini sote tuliisikia.

"Mwalimu, usitazame magoti. Nitazame nikipiga. Niandike."

Kisha Hoza akapiga makofi. Pa! Pa! Pa!

"Andika! Andika!" alisema Hoza.

"Andika! Andika!" alisema Tabu.

Na sisi wote, sisi tulioimba wimbo wa kuku, tukapiga kelele mpaka koo zikauma:

*Andika, mwalimu, andika!*
*Jina la Mhina, andika!*

Mama wa mihogo naye akainuka. "Mwalimu, andika bwana, mihogo yangu inapoa!"

Mwalimu akafuta jasho. Akaweka karatasi mgongoni kwa Tabu. Akamfuta Hoza, akaandika kwa kalamu nyekundu. Em. Hechi. Ai. Eni. Ei.

Mhina aliitazama kila herufi ikishuka.

"Ingia," alisema refa.

Mhina akaingia uwanjani. Mguu huku, mguu huku.

"Jamani!" walicheka Kambi Nne. "Huyu mchezaji au geti?"

Mhina akauweka mpira wa ngozi kwenye kona ya kushoto. Hajawahi kuugusa mpira wa ngozi. Akaupapasa mara moja.

Akarudi nyuma hatua tatu. Moja. Mbili. Tatu.

Akakimbia. Mguu wa kulia ukatazama ndani, kama kawaida yake.

Dii!

Mpira ukapaa. Ukaenda zake mbali, mbali na goli.

"Umekosa!" alisema kipa wao. Akafunga mikono kifuani. Akatabasamu.

Lakini mpira ulikuwa haujamaliza safari.

Ukaanza kupinda.

Ukapinda kidogo.

Ukapinda tena.

Ukapinda kabisaaa, ukapita nyuma ya sikio la kipa, na mikono yake bado imefungwa.

Fwaaa! Wavuni.

Kipa akageuka, akautazama wavu.

Kisha refa akapuliza. Prrriii! Goli!

Tulimrukia Mhina mpaka akapotea chini yetu. Hoza alimbeba mabegani. Na huko juu Mhina akaanza kuimba mwenyewe, kwa ile sauti yake:

*Mguu huku, mguu huku,*
*goli kule, shangwe huku!*

Tukaitikia. Kambi Nne nao wakaitikia, maana wimbo ulikuwa mtamu. Kipa wao akaja mbio.

"Oya, geti!" alisema. "Samahani, we jina lako nani?"

"Mhina."

"Mhina, nifundishe."

Mwalimu Mapunda alibaki na karatasi yake mkononi. Akakohoa. Akamwendea Mhina.

"Mhina," alisema. Akatafuta Kiingereza. Hakukipata. "Nilikosea," alisema kwa Kiswahili.

"Haya, mwalimu," alisema Mhina.

Jioni ile mama alipasha maji. Akaosha miguu ya Mhina kwenye beseni. Akaosha goti la huku. Akaosha goti la huku.

"Imechoka?" aliuliza.

"Kidogo. Mama, Hoza naye ameandikwa tena. Mwalimu ameandika majina nane."

"Karatasi si ilikuwa imejaa?"

"Ilikuwa na nafasi chini, mama. Kubwa tu."

Mama akacheka mpaka maji yakamwagika. Chwaa.

Mhina akalala kitandani na Tabu. Shuka likafanya kilima kidogo huku, na kilima kidogo huku.

"Mhina," alinong'ona Tabu, "kesho unanisaidia kuchambua maharage."

Mhina alikuwa anakoroma. Khoo. Khoo. Khoo.

Siku hizi Kambi Saba haipo. Nyumba zimebomolewa. Mashine ya korona ina kutu. Pale tulipocheza pameota majani, na sisi tumetawanyika, kila mtu kwake. Lakini jioni, jua likishuka hivi, mimi bado nasikia: kona mojaaa!

Na Mhina? Miaka mitano mizima, kona zote za Kambi Saba alipiga yeye. Hatukuhesabu tena. Tulipiga.

Haya, wewe mdogo, fumba macho. Hadithi yako imekwisha, lala salama. Maneno yaliyobaki ni ya wakubwa.

Nyinyi walimu, nyinyi makocha, nyinyi waheshimiwa mnaotembea na karatasi za majina: kuna mtoto amekaa pembeni ya uwanja wenu sasa hivi. Mguu wake mfupi, au mkono wake mmoja, au mgongo wake una kibiongo. Mmemwambia ashangilie. Msituambie karatasi imejaa, tumeshaiona ile nafasi ya chini. Inukeni kwenye viti. Mpeni mpira, mtazameni akipiga. Kisha mumuulize anaitwa nani, na muandike.